Mama Tarakimu: Namba moja iliyonifanya nimshuku mume wangu

Jua bado halijapanda juu ya mapaa ya maghala, na Mama Tarakimu yuko juu ya ngazi, mguu mmoja umekanyaga kipandio, mwingine unaning'inia. Mbele yake kuna bango kubwa la chuma linalomkaribisha kila anayeingia mjini. Juu limeandikwa jina la mji. Chini yake kuna neno "wakazi", na baada ya neno hilo, kulabu sita zimepangwa mstari mmoja.

Chini ya ngazi amesimama mumewe, mwanamume mrefu mwenye kofia ya kitambaa. Ameshika bamba la bati lenye ukubwa wa sinia, na vidole vyake vinapapasa mgongo wa bamba hilo taratibu, kama mtu anayechagua parachichi sokoni.

"Tano," anasema, na kulipandisha juu.

Mama Tarakimu analipokea, lakini halitundiki papo hapo. Analigeuza, analitazama. Anamtazama mumewe utosini. Analitazama tena. Ndipo analitundika kando ya sifuri ambayo imeshatangulia.

"Amelikagua mara mbili," mumewe anamwambia mwandishi wa makala haya bila kuinua uso. "Huwa hasemi. Lakini nasikia anavyokawia."

Mke anacheka juu, mume anacheka chini, ingawa ukisikiliza vizuri utagundua kwamba si kicheko cha aina moja.

Jina la Mama Tarakimu alipewa na watoto wa mtaani kwake, likamkaa. Ana umri wa miaka hamsini na mbili na ni mchoraji wa mabango. Kazi iliyompa jina ni moja: yeye ndiye anayeandika idadi ya watu kwenye mabango ya miji yote mitano ya jimbo lao. Ukiingia katika mji wowote kati ya hiyo, kabla hujaona nyumba ya kwanza umeshaona kazi ya mkono wake.

Si kazi ya kumtajirisha mtu. Sensa huja mara moja kwa miaka kumi, na watu hawahesabiwi kila mwezi ili mchoraji apate kula. Katikati ya sensa na sensa anaishi kwa mabango ya maduka, namba za milango na maandishi ya nyuma ya malori. Lori moja, anasema, linamlisha wiki nzima. Duka linamlisha zaidi kidogo kama mwenye duka si mbishi.

"Wote ni wabishi," anaongeza.

Zamani, kila idadi ilipobadilika, ilibidi bango zima likwanguliwe na kuchorwa upya. Mama Tarakimu ndiye aliyebuni mabamba: kila tarakimu ichorwe kwenye kipande chake cha bati, itundikwe kwenye kulabu, na ikibadilika ishushwe nyingine ipande. Mumewe, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, alikata mabati na kuunganisha kulabu. Walifahamiana kwa kazi, yeye akiwa mteja na mwenzake akiwa fundi. Wameoana, wamezaa, wameozesha, na mpaka leo anamwita "fundi" tu.

Kila mwaka hushusha mabamba yote, huyaosha, huyapaka rangi palipochubuka, na kuyarudisha. Kwa miaka mingi utaratibu wao ulikuwa kinyume cha huu wa leo. Fundi alikuwa ndiye mpandaji. Mke alisimama chini, akayapanga mabamba kwa zamu yake na kumkabidhi moja moja kuanzia kulia: mamoja, makumi, mamia, na kuendelea. Fundi alipokea, akatundika, akanyoosha mkono kupokea jingine. Hawakuwa wakizungumza.

"Hata kuangalia hakuwa na haja," anasema Mama Tarakimu. "Mimi nilikuwa macho yake na sikujua."

Ili mtu aelewe kilichotokea, ni lazima kwanza ajue jinsi watu wa jimbo hili wanavyoyachukulia mabango. Mahali pengine idadi ya wakazi ni habari ya ofisini. Hapa ni heshima ya mtu. Mama Tarakimu anasimulia habari za mji mdogo wa migodini, ambao migodi yake ilifungwa na vijana wakaondoka. Sensa ilipotoka, wakazi walikuwa wameshuka chini ya laki moja. Tarakimu sita zikawa tano, na kulabu moja ikabaki haina kitu.

Wazee wa mji ule walimfuata mpaka kwenye ngazi. Hawakumgombeza. Walimwomba tu, kwa adabu, kama haitamsumbua, atundike sifuri pale mbele ili pasionekane pengo. Aliwaeleza kwamba sifuri ya mbele haiongezi hata mtu mmoja. Wakasema wanajua. Akaitundika, na ipo mpaka leo.

Sasa njoo kwenye miji miwili mikubwa. Mmoja uko kwenye miteremko ya kilima, una maofisi na vyuo. Watu wanauita mji wa juu. Mwingine uko bondeni, una viwanda na soko. Huo ni mji wa chini. Kati yao ni mwendo wa saa moja kwa basi, na ni safari ya masimango matupu. Mama Tarakimu amezaliwa mji wa chini na kuolewa mji wa juu, alikozaliwa fundi. Wifi yake hupenda kumwambia kwamba kwa ndoa ile alipanda cheo. Yeye hujibu kwamba alipanda kilima, na magoti yanamuuma.

Kwenye sensa ya kabla ya hii, mji wa juu ulikuwa ndio mkubwa kuliko yote jimboni. Safari hii mambo yaligeuka. Mji wa chini ulipata wakazi 318,406. Mji wa juu ukapata 313,950. Tofauti haifiki hata elfu tano, idadi ambayo ingeweza kukaa kwenye uwanja wa mpira na viti vikabaki.

Tofauti hiyo ndogo ilikuwa na uzito, kwa sababu serikali ya jimbo ilikuwa imeshatangaza kwamba hospitali ya rufaa itajengwa kwenye mji wenye watu wengi zaidi. Kabla rangi ya namba haijakauka, maneno yalianza. Watu wa juu walisema wa chini wamehesabu mpaka abiria waliokuwa wanasubiri mabasi stendi. Wa chini wakasema hao wa juu, hata hizo walizopata, wamehesabu na makaburi. Kila mtu alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni, na hakuna aliyefikiria kwamba huenda watu wamehesabiwa tu.

Bango la mji wa chini walilitundika wote wawili, kama kawaida yao, na halikuwa na tatizo. Kesho yake Mama Tarakimu aliteleza kwenye kibaraza cha duka alilokuwa anachora, akateguka kifundo cha mguu. Bango la mji wa juu lilikuwa linasubiriwa. Fundi akamwambia apumzike, atakwenda mwenyewe, kwani ni mabamba tu.

Mke aliyapanga mabamba sita kwenye sanduku la mbao. Chini ya hayo, kama siku zote, kulikuwa na mabamba ya akiba, maana kuna siku bamba hupinda na kulabu hukatika. Fundi akaondoka asubuhi, akarudi mchana, akasema kazi imekwisha.

Jioni ile dereva mmoja wa basi alipiga picha ya bango na kuirusha kwenye simu za watu. Bango la mji wa juu lilikuwa linasoma 318,950.

Tatu ya kwenye maelfu ilikuwa imegeuka nane. Kwa tarakimu hiyo moja, mji wa juu ulikuwa umeupita mji wa chini kwa watu mia tano na kitu, na hospitali ilikuwa imehama bondeni na kupanda kilima, angalau kwa mtu anayeamini mabango. Na hapa watu wanaamini mabango.

Mji wa juu walishangilia. Ofisi ya mipango ya jimbo ilipotangaza kwamba ni makosa, wakasema bango ndilo lililoropoka ukweli kabla halijazibwa mdomo. Mji wa chini hawakutaka kusikia neno makosa. Walijua nani anachora zile namba, walijua kazaliwa wapi na kaolewa wapi, wakajumlisha wenyewe.

Kaka yake Mama Tarakimu, ambaye ana kibanda cha nafaka sokoni, alimpigia simu. Hakupaza sauti, na hicho ndicho kilichomuumiza.

"Dada," alimwambia, "umetuuza kwa sababu ya mume."

Akakata simu. Tangu siku hiyo hawajazungumza.

Ofisa mipango wa jimbo alimwita ofisini. Mama Tarakimu anamsifu kwamba ni mtu mpole, alimpa kiti na kumuuliza mguu unaendeleaje. Aliuliza nani alichora mabamba, akajibiwa. Aliuliza nani aliyatundika, akajibiwa. Kisha, kana kwamba anapitisha muda, akauliza huyo fundi ni mwenyeji wa wapi.

"Swali lile lilinichoma hapa," anasema, akijigusa kifuani. "Kwa sababu mpaka dakika ile mimi nilikuwa sijalifikiria. Nilitoka pale nikiwa nalifikiria, na sikuacha."

Aliambiwa bango lisahihishwe Jumamosi, na kwamba likitokea kosa jingine, mabango yote matano atapewa mchoraji mwingine. Hayo aliyasikia kwa sikio moja tu.

Alipofika nyumbani alifungua sanduku. Chini, kati ya mabamba ya akiba, ilikuwepo tatu, imelala kifudifudi. Alikumbuka kabisa alivyoiweka juu kwa mkono wake mwenyewe. Akamuuliza fundi ametundika nini. Fundi, aliyekuwa anavua viatu, akajibu kwamba ametundika alichopewa.

Uongo. Mama Tarakimu alijua ni uongo, na mwenzake alijua kwamba anajua. Wakala kila mtu anatazama sahani yake.

Mtu akishaanza kushuku hakosi vya kuokota, na Mama Tarakimu aliviokota vingi. Pikipiki ya fundi ilikuwa imeegeshwa ukutani miezi kadhaa. Mwenyewe alidai plagi mbovu, lakini hakuipeleka kwa fundi wa pikipiki hata siku moja. Alikuwa ameacha kuchukua kazi za mageti ya maua, ambazo zilikuwa fahari yake, akawa anachomelea vyuma vilivyonyooka tu. Simu ikilia, alitoka nayo nje. Ujumbe ukiingia, hakuufungua mbele ya mkewe.

Kisha jirani akaja. Kila mtaa una jirani wa namna hiyo, anayeanza kwa kusema hapendi kuingilia mambo ya watu. Alisema amemwona fundi anavuka barabara kuu akiwa ameshikwa mkono na yule mwanamke anayeuza chai karibu na karakana. Wameshikana, mchana kweupe, bila hata aibu.

"Hapo nikaona kila kitu kimekaa mahali pake," anasema Mama Tarakimu. "Nikasema, kumbe. Mji wake kwanza, mwanamke wake wa pili, mimi sijui wa ngapi."

Hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alijikongoja na mguu wake hadi karakana, akajibanza nyuma ya rundo la vyuma chakavu. Alimwona muuza chai akija na chupa yake na vikombe. Alimwona fundi akitoa simu mfukoni na kumkabidhi, naye akaisoma kwa sauti ya chini huku fundi amemwinamia, sikio karibu na mdomo wake, anatabasamu.

Siku ile hakupika. Fundi aliporudi alimwambia gesi imeisha. Fundi akaenda kuinua mtungi ili akaujaze, akaukuta mzito. Akaurudisha chini polepole. Hakuuliza kitu, akaenda kulala na njaa.

"Ningempa nafuu kama angegomba," anasema mke. "Mtu mwenye kosa ndiye anayenyamaza. Ndivyo nilivyoamini."

Jumamosi ikafika. Walikwenda kwenye bango pamoja, kwa mkokoteni wa kukodi, ngazi imelazwa katikati yao. Walikuta watu. Wengine walikuwa wa mji wa juu, wamekuja kuona wanavyonyang'anywa. Wengine walikuwa wamepanda basi kutoka mji wa chini kuhakikisha namba inashuka kweli. Kijana wa ofisi ya mipango alikuwepo na kamera yake.

Fundi akapanda. Mke akasimama chini, kama zamani. Ilikuwa kazi ya bamba moja tu: ishushwe nane, ipande tatu. Fundi akaipapasa ile nane, akaishusha, akanyoosha mkono nyuma kupokea.

Mama Tarakimu alikuwa amekuja na jambo lake. Asubuhi ile, mbali na tatu, alikuwa ametia kwenye mfuko bamba tupu, lililopakwa rangi nyeupe pande zote na halijachorwa kitu. Alikuwa amekusudia kumkabidhi hilo mbele za watu, na kwa kitendo hicho amwambie: haya, kama unajua sana kuchagua, andika mwenyewe unayoitaka.

Alitaka alipuke. Alitaka ashuke kwenye ngazi amgombeze, waseme yote hadharani, yaishe. Akampa bamba tupu.

Fundi alilipokea. Akalitundika. Akalinyoosha likakaa wima, akalifuta vumbi kwa mkono wa shati, kwa uangalifu uleule wa siku zote. Kisha akashuka kipandio kimoja kimoja, akapangusa mikono, akamgeukia mkewe.

"Limekaa sawa?" akauliza.

Nyuma yao watu walianza kucheka. Walidhani ni dhihaka, kwamba fundi wa mji wa juu ameamua afadhali wasiwe na namba kabisa. Mama Tarakimu hakucheka. Alikuwa anamtazama mumewe usoni, na mumewe alikuwa anatazama mahali alipodhani uso wa mkewe upo, ila amepitiliza kidogo, kama shibiri moja kushoto.

Anasema vitu vyote vilimjia kwa pamoja: pikipiki, mageti ya maua, simu, barabara. Alimshika fundi mkono.

"Limekaa sawa," akamwambia.

Kisha akapanda ngazi mwenyewe, na kifundo chake kibovu, akashusha bamba tupu na kutundika tatu. Aliposhuka alimgeukia kijana wa ofisi na watu wote, akasema amekosea yeye. Leo amempa fundi bamba lisilo lenyewe, na siku ile ya kwanza pia yeye ndiye aliyepanga sanduku vibaya. Kosa ni lake, wasimtafute mtu mwingine.

Watu wa mji wa chini walipanda basi wakarudi na habari hiyo. Kwao ilikuwa ni kukiri. Kwa kaka yake sokoni, ilikuwa ni mhuri.

Nyumbani hakukuwa na kelele. Fundi alieleza kwamba ilianza miaka miwili nyuma, kama moshi wa karakana uliokataa kutoka. Akadhani ni cheche, kwa maana ujana wake wote alichomelea akiwa amefumba jicho moja badala ya kuvaa miwani. Akangoja upungue, ukazidi. Siku ya bango alichukua mabamba sandukuni akawa anayasogeza karibu na pua. Tatu ikamtoka mkononi, ikaanguka kati ya mabamba ya akiba. Alipoinama akaokota nyingine, na kwake ilikuwa tatu.

Kwa nini hukusema? Mke alimuuliza hilo zaidi ya mara moja. Fundi alijibu kwamba hakuna anayempa kazi fundi kipofu. Mke akasema yeye si mteja.

Na lile jingine akaliuliza pia, maana lilikuwa limemkaa kooni. Kwa nini yule muuza chai ajue kabla yake?

"Kwake sikuwa na cha kupoteza," fundi akamjibu.

Mama Tarakimu anarudia jibu hilo polepole. Anasema analielewa. Anasema pia kwamba alikwenda mwenyewe kumwona muuza chai, ambaye hakushtuka. Alimmiminia kikombe na kumwambia kwamba mumewe ni mzito sana kumvusha barabara, anasimama katikati kubishana na pikipiki. Siku hizi wanasalimiana vizuri. Chai yake ni nzuri, anasema, ila anazidisha sukari. Kwa jinsi anavyolisema, ni wazi kwamba kesi hiyo haijafungwa kabisa.

Daktari wa macho alikuta mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alisema ni ugonjwa unaoondolewa, na kwamba fundi angekuja mapema angejipunguzia mateso. Lakini upasuaji huo haufanyiki jimboni. Unafanyika mji mkuu, safari ya kutwa kwa basi, na foleni yake ni ndefu.

Hospitali ya rufaa ambayo ingewapunguzia safari ilipewa mji wa chini. Kamati iliyoamua ilitumia hesabu za sensa, na mjumbe mmoja alikiri kwamba hajawahi kulitazama bango la mji wowote. Kiwanja kimezungushiwa waya. Ndani kuna majani marefu na bango moja linalosema hospitali itajengwa hapa. Mama Tarakimu alikwenda kuliona. Hakupewa yeye kulichora, na anasema herufi zimepinda.

Mpaka leo mji wa juu wanaamini waliibiwa, na mji wa chini wanaamini waliponea chupuchupu. Mabango matano bado yako mikononi mwake, ingawa kila akiyaosha, kijana wa ofisi huja na kamera kuhakikisha.

Fundi hakukaa bure. Aliyachukua mabamba yote na kuyatia matone ya kuchomelea mgongoni, akiongozwa na vidole. Moja ina tone moja, tano ina matano, sifuri ina duara. Tatu ina matatu na nane ina manane, na hakuna vidole vya binadamu vinavyoweza kuchanganya hizo. Kwa hiyo wamebadilishana nafasi. Mke anapanda, mume anakabidhi.

Mama Tarakimu alikuwa ameapa kutowaeleza watu habari za macho ya mumewe. Fundi ndiye aliyemwachia huru, na ndiye aliyekubali mazungumzo haya.

"Andika," anasema, akiinua uso kuelekea sauti ya mwandishi. "Shemeji yangu wa sokoni anafungia nafaka kwa magazeti. Lakini kabla ya kufungia huwa anasoma."

"Atasema nimelinunua gazeti," mkewe anadakia kutoka juu.

"Aseme. Atakuwa amesoma."

Zamu ya jicho la kulia imefika; ni mwezi ujao. Mama Tarakimu ameshapanga kila kitu. Lile bamba tupu analo, ameliegemeza ukutani chumbani, na hataki lichorwe. Siku ya safari, kabla ya kupanda basi, atalitundika kwenye bango hili la mji wa juu, badala ya tatu ya maelfu, na kumwomba kijana wa ofisi avumilie siku chache. Wakirudi, bandeji ikiwa imetolewa, hawatakwenda nyumbani kwanza. Watashuka hapa. Atamsimamisha fundi ng'ambo ya barabara amwambie asome.

"Akisema pana pengo, nitajua anaona," anasema. "Maneno ya daktari peke yake hayanitoshi. Siku hizi mimi nataka kuona mwenyewe."

Chini ya ngazi, fundi amesikia. Tisa imeshapanda wakati wa mazungumzo, na sasa vidole vyake viko kwenye bamba linalofuata.

"Na nikisema limekaa sawa?" anauliza.

Lori linapita, bango linatikisika, mabamba matatu yaliyokwisha kutundikwa yanagongana kidogo kisha yanatulia.

"Nitapanda nitundike tatu," anasema Mama Tarakimu, "halafu nitakushika mkono twende nyumbani."

Fundi anaitikia kwa kichwa, anahesabu matone kwa kidole gumba, moja, mbili, tatu, na kulipandisha bamba. Mkewe analipokea. Safari hii analitazama mara moja tu.